Mwenye Kauli Langoni ni Nani?

Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umelala miguuni pa mlima ambao wakazi wake wengi wamezoea kuutazama pasipo kuuzingatia; kwa maana Menengai, kwa mtu aliyesimama barabarani karibu na soko, si mlima wa kustaajabisha, bali ni mgongo mrefu wa ardhi ulioinuka taratibu upande wa kaskazini, wenye mikaratusi na nyumba zinazozidi kuupanda mwaka hadi mwaka. Lakini anayeupanda hadi juu hukuta kwamba mgongo ule hauna upande wa pili: ardhi hukatika ghafla mbele ya vidole vya miguu yake, na hapo hufunuka kasoko yenye ukubwa wa takriban kilomita 12 kwa 8, ambayo kina chake mahali pengine hukaribia mita 500, na ambayo sakafu yake imefunikwa na mawe meusi ya lava yaliyorundikana kwa fujo, huku mvuke mweupe ukifuka hapa na pale kama ishara ya kwamba kazi iliyoanza chini ya ardhi zama za kale haijakoma.

Ukingoni mwa kasoko hiyo huja watu wa kila namna. Huja wanafunzi kwa mabasi ya shule, pamoja na walimu wao na madaftari yao ya jiografia. Huja maharusi kupiga picha. Huja wageni wa ng'ambo walioletwa na magari ya watalii. Huja waumini wanaoteremka mapangoni kufunga na kuomba. Na huja vijana wa mitaa ya jiji siku ya Jumapili, wawili wawili nyuma ya bodaboda, ambao hawana uwezo wa kwenda mbali na wanastahili kupunga hewa kama binadamu mwingine yeyote. Nawaandikia wote hao, na zaidi nawaandikia wale waliokabidhiwa dhamana ya milima yetu, dai langu likiwa moja tu: kwamba katika Bonde la Ufa la kati tumekuwa hodari wa kufungua lango, na hodari wa kulifunga baada ya maafa, ilhali kazi iliyo kati ya mambo hayo mawili, yaani kumpokea mgeni kwa masharti yanayojulikana, yanayobadilika kwa kadiri ya hali ya mlima siku ile, na yanayosimamiwa na mtu mwenye kauli ya kusema "leo hapana", tumeiacha bila mwenyewe.

Yafaa kwanza tuafikiane kwamba milima hii ni hai, kwa sababu wapo watu waungwana, wasomi kwa wasiosoma, wanaodhani kwamba volkano isiyotema moto katika maisha yao imekwisha kufa. Kutoka Menengai kuelekea kusini imejipanga Eburru, Olkaria, Longonot na Suswa, kila mmoja ukiwa na alama zake za uhai. Longonot inakisiwa kuwa ilitoa lava mara ya mwisho katika miaka ya 1860, wakati ambao kwa hesabu ya milima ni jana. Olkaria imekuwa ikizungusha mitambo ya umeme kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kubwa ya jinsi hiyo katika Afrika nzima. Na Menengai, ambako visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011, imekuwa ikitoa umeme tangu mwaka 2023. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba jiko linalochemsha maji ya kuwashia taa za nyumba zetu limezimika.

Fauka ya hayo, wataalamu waliolinganisha picha za rada zilizopigwa na setilaiti wamethibitisha kwamba ardhi ya milima hii hupanda na kushuka. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Menengai ilididimia kwa takriban sentimita 3, na Suswa kwa sentimita zisizotimia 5. Kati ya mwaka 2004 na 2006 Longonot nayo iliinuka kwa takriban sentimita 9. Na maelfu ya watu walipanda na kushuka mlima ule katika miaka hiyo wasihisi kitu, kwa kuwa mwendo huo ni wa polepole mno kwa unyayo wa mtu. Na asiyeridhika na ushahidi wa setilaiti na awaulize wazee wa Subukia habari walizopokea kwa wazazi wao juu ya tetemeko la tarehe 6 Januari 1928, lililofikia takriban 6.9 katika kipimo cha matetemeko, likapasua ardhi kwa makumi ya kilomita kaskazini mwa Nakuru.

Sisemi haya ili kumtisha mtu, wala sibashiri kwamba kesho au kesho kutwa Menengai itafoka. Mlima kuwa hai si sawa na mlima kuwa tayari kulipuka, na wanaochanganya mambo hayo mawili huwaharibia wafanyabiashara riziki bila sababu. Ninalolisema ni kwamba mahali palipoumbwa na moto pana hatari nyingine za kila siku, zilizozaliwa na moto ule na kubaki baada yake: kuta za majivu yaliyogandamana, makorongo membamba, maji ya moto, mivuke na hewa nzito, na kingo zisizo na onyo. Hatari hizo ndizo zilizokwisha kuua watu hapa kwetu, na ndizo zitakazoua tena iwapo tutaendelea kungojea lava ndipo tujishughulishe na usalama.

Ushahidi mchungu kuliko wote uko katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984 na ambayo, tofauti na mbuga nyingi za Kenya, humruhusu mgeni kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swara. Ndani yake limo korongo la Ol Njorowa. Anayeteremka humo hujikuta kati ya kuta ndefu za mwamba uliotokana na majivu, ulio laini kiasi cha kwamba maji ya karne nyingi yameuchonga kwa mikunjo kama ya nguo, na mahali pengine njia hubana hata watu wawili wasiweze kupishana. Vijitundu vya kuwekea vidole na visigino vimechimbika ukutani kwa kukanyagwa na wengi. Pembeni hutiririka michirizi ya maji ya moto, nayo huacha ute wa kijani na wa manjano juu ya jiwe. Mgeni huambiwa ayaguse kwa hadhari, hucheka, huipulizia mikono yake na kuendelea. Juu ya kichwa chake huona utepe wa mbingu, na aghalabu utepe huo huwa mweupe na mkavu.

Hapo ndipo ulipo mtego. Maji yanayoua katika korongo hayatoki katika mbingu anayoiona mgeni; yanatoka katika miteremko iliyo mbali, isiyoonekana kutoka chini, ambako mvua hunyesha juu ya udongo mwepesi wa majivu, ikakusanyika katika vijito vikavu, ikaingia korongoni kwa wingi na kwa kasi kwa sababu haina mahali pengine pa kwenda. Mtu aliye chini husikia ngurumo kabla ya kuona maji, na kati ya sauti na maji hupita muda mchache, ambao katika sehemu isiyo na ngazi wala kamba hautoshi kumfikisha mtu juu. Mwezi wa Aprili mwaka 2012, vijana wa kundi la kanisa waliokuja kutembea walikumbwa humo, wakafa 7. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019, kundi jingine likakumbwa, wakafa watu 7, na miongoni mwao alikuwamo mwongozaji wao. Idadi ileile, katika korongo lilelile, kwa sababu ileile, baada ya miaka isiyozidi 8.

Baada ya msiba wa mwaka 2019 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililifunga korongo, na halikukosea kufanya hivyo, kwa maana maiti walikuwa bado wanatafutwa. Lakini kufunga ni hatua ya dharura, na dharura haiwezi kuwa siasa ya kudumu. Tafakari, msomaji, kwamba mwongozaji aliyekufa alikuwa mtu wa pale, aliyelijua korongo lile kwa mawe yake na kona zake. Na maarifa hayo yote hayakumfaa kitu, kwa kuwa hakuna maarifa yanayoweza kumwonyesha mtu aliye chini ya kuta zile mvua inayonyesha nyuma ya kilima. Kilichohitajiwa ni jicho jingine lililoketi juu ya miteremko, kipimo cha mvua, redio mkononi mwa askari, king'ora, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kulifunga korongo saa ileile wingu linapojikusanya, pasipo kungoja barua kutoka Nairobi. Vitu hivyo gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na mapato ya hifadhi, na ni ndogo zaidi ikilinganishwa na majeneza 14.

Longonot ina hatari za namna nyingine. Mlima huo wenye kimo cha mita 2,776, uliowekwa kuwa hifadhi mwaka 1983, huonekana rahisi kwa mtu anayeutazama akiwa ndani ya matatu katika barabara ya Naivasha, na urahisi huo wa macho ndio unaowaponza wengi. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3 na kitu, lakini kilomita hizo hupanda juu ya vumbi la majivu lililochimbwa na mvua kuwa mifereji mirefu, ambamo mguu huzama na kuteleza. Na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7 na kitu zaidi, juu ya njia ambayo mahali pengine ni nyembamba, upande mmoja kasoko yenye msitu chini kabisa, upande mwingine mteremko wa nje. Maji ya kunywa hayapo njiani. Kivuli ni haba. Anayeanza kupanda saa tano mchana akiwa na chupa moja ya soda na viatu vya kwendea kanisani hufika nusu ya mzunguko jua likiwa kali kuliko wakati wowote, na hapo hukuta kwamba kurudi ni mbali sawasawa na kuendelea. Na nyakati za kiangazi kuna moto wa nyika, kama ule wa mwaka 2009, ambao hupanda mteremko kwa kasi isiyoshindika na miguu iliyochoka.

Tuirudie Menengai, ambayo kwa upande wa utawala ndiyo ngumu kuliko zote. Hell's Gate na Longonot zina mwenyewe mmoja na malango yanayojulikana. Menengai ni msitu wa serikali chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Visima vya mvuke vilivyo ndani ya kasoko ni vya kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, ambayo ilifungua barabara hadi sakafuni. Serikali ya kaunti nayo ina hamu, iliyo halali, ya kuufanya mlima uwe kivutio cha jiji. Na mtu akiporomoka ukingoni, jamaa zake hukimbilia polisi, zimamoto wa kaunti na Msalaba Mwekundu. Ukingo wenyewe una njia nyingi za kuufikia, nyingine za magari, nyingine za wachungaji na wachanja kuni, kiasi cha kwamba neno lango kwa Menengai ni la heshima tu. Sasa jiulize: siku ambayo mvua imelainisha udongo wa ukingoni, au siku ambayo wachimbaji wanatoa mvuke kisimani kwa majaribio, au siku ambayo ukungu umefunga hata mtu asione hatua tatu mbele yake, ni nani mwenye wajibu wa kuwaambia wanafunzi waliomo katika basi kwamba warudi mjini? Kila mmoja wa wakuu hao anaweza kujibu kwa uaminifu kabisa kwamba jambo hilo liko kwa mwenzake.

Kuna jambo la hewa, ambalo watu hulidharau kwa sababu halionekani. Mvuke wa volkano huchukua pamoja nao gesi nyingi, na mojawapo ni ile yenye harufu ya mayai viza, ambayo mgeni huifahamu akikaribia visima vya Olkaria. Watu hudhani kwamba harufu ikikoma hatari imekoma. Kumbe gesi hiyo ikizidi kiasi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, kisha humuua mwenye pua. Gesi nyingine, hewa ya ukaa, haina harufu hata kidogo, nayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mabondeni na mapangoni. Ndugu zetu wa Goma, katika Kongo ya mashariki, huiita mazuku, na wanajua kwamba mbuzi aliyelala shimoni asubuhi bila jeraha hakuchinjwa na mtu. Sisi wenye waumini wanaolala mapangoni siku kadhaa kwa ibada, tunapaswa kupima hewa ya mapango hayo mara kwa mara na kuyawekea alama yale yasiyofaa, kwa heshima kamili ya imani ya wanaoingia. Na kaskazini zaidi, kando ya Ziwa Bogoria, ambako wageni huchemsha mayai kwenye chemchemi za Loburu, maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka ya karibuni yamefunika baadhi ya chemchemi na kuhamisha mahali pa kukanyaga, hata njia iliyokuwa salama kwa baba haifai kudhaniwa kuwa salama kwa mwana.

Dunia imekwisha kutulipia ada ya mafunzo haya, na ni vyema tuyapokee bure. Katika nchi ya New Zealand kuna kisiwa cha volkano kiitwacho Whakaari, kilichokuwa kikipokea watalii kwa mashua. Tarehe 18 Novemba 2019 wataalamu walipandisha daraja la tahadhari ya kisiwa hicho kutoka 1 hadi 2, ziara zikaendelea, na tarehe 9 Desemba mlima ukalipuka watu 47 wakiwa kisiwani, wakafa 22. Pale kipimo kilikuwapo na ilani ilitolewa, lakini kati ya ilani na mashua hapakuwa na mkono wa kuzuia. Huko Japani, mlima Ontake ulilipuka tarehe 27 Septemba 2014, siku ya mapumziko yenye wapandaji wengi, ilhali daraja la tahadhari lilikuwa la chini kabisa. Watu 63 walikufa au hawakuonekana tena. Pale vipimo havikutosha kubashiri, na funzo lake ni kwamba hata penye elimu kubwa pawe na mahali pa kujisitiri na njia ya kukimbilia.

Na karibu nasi zaidi, Nyiragongo, uliokwisha kumimina lava ndani ya mji wa Goma mwezi Januari 2002, ulifoka tena tarehe 22 Mei 2021 bila watu kupata onyo la mapema, katika wakati ambao kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kilikuwa kimedhoofika kwa uhaba wa fedha. Mlima huo ulikuwa ukipandwa na watalii waliolala ukingoni kutazama ziwa la lava usiku. Basi tumeona hali tatu: penye kipimo bila mwenye kauli, penye kauli bila kipimo cha kutosha, na penye mlima bila fedha za kuupima. Sisi Wakenya bado tuna hiari ya kuchagua isiyo mojawapo ya hizo.

Najua hoja za wanaopinga, na ni wajibu kuzijibu kwa adabu. Wa kwanza husema kwamba ajali haina kinga, na kwamba aliyeandikiwa kufa korongoni angekufa hata kitandani. Nami naamini kadari; lakini imani hiyo haijapata kumzuia baharia kuitazama mbingu kabla ya kung'oa nanga, wala mama kumwondoa mtoto karibu na moto. Wa pili husema: yafungeni makorongo na kingo hizi zote, yaishe. Hao husahau kwamba mlima usiofunguliwa kihalali hufunguliwa kwa siri, na kwamba kijana aliyekatazwa langoni bila kuelezwa sababu huzunguka kichakani, akaingia pasipo mwongozaji, pasipo jina lake kuandikwa, na pasipo mtu kujua kwamba hakurudi. Wa tatu, ambao nawahurumia zaidi, ni waongozaji na wachuuzi wanaohofu kwamba masharti yatawanyima riziki. Kwao nasema kwamba riziki yao ilikatwa kwa ukali zaidi na misiba ya 2012 na 2019 kuliko ambavyo ingekatwa na siku chache za kufunga kwa sababu ya mvua.

Basi lifanyike nini? Ningependa, kwanza, kila lango liwe na ubao mmoja unaoandikwa upya kila asubuhi, wenye rangi tatu ambazo hata mtoto huzijua, kijani, manjano na nyekundu, ukieleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza hali ya mvua, ya njia, ya moto na ya hewa, na chini yake saa ulipoandikwa pamoja na jina na cheo cha aliyeuandika. Habari za kuujaza ubao huo hazihitaji kutafutwa mbinguni: Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inazo za mvua, kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, na GDC hupima mitetemo na mivuke kwa ajili ya kazi zao, na askari wa zamu ameiona njia kwa macho yake. Kinachokosekana ni kamba ya kuziunganisha habari hizo mpaka zimfikie mtu aliyeshika chupa yake ya maji mbele ya kibanda cha ada.

Pili, mwongozaji apewe haki ya kulirudisha kundi, na haki hiyo ilindwe kwa fedha. Mtu anayelipwa kwa safari iliyotimia ana kishawishi cha kuitimiza hata moyo wake unapokataa, hasa akiwa na watoto wanaongojea unga jioni. Kwa hiyo sehemu ya ada ya kuingia itengwe ili mwongozaji aliyegeuza kundi kwa hadhari alipwe kama aliyelifikisha. Kadhalika ofisa anayefunga lango kwa hadhari, kisha mvua isinyeshe, asiulizwe habari za mapato yaliyopotea. Pasipo ulinzi huo, mamlaka ya kusema hapana yatabaki maandishi matupu.

Tatu, kila anayeingia aandikwe na kila anayetoka afutwe, na askari asifunge kibanda mpaka hesabu ya jioni ilingane na ya asubuhi. Nne, katika korongo ziwekwe ngazi na minyororo ya kupandia kila baada ya umbali ambao mtu aliyeshtuka anaweza kuukimbia. Na ukingoni mwa Menengai, mahali pale ambapo kila mtu husimama kupiga picha, uwekwe uzio wa kiuno usioharibu mandhari. Ukingo wote hauwezi kuzungushiwa, wala haihitajiki. Wanakosimama wengi panatosha kuanzia. Tano, na hili nalisisitiza, gharama za usalama zisigeuzwe kuwa kisingizio cha kupandisha ada ya mwananchi. Kwa sababu usalama wa mlima ukiwa bidhaa ya wenye fedha, kijana wa mitaa ya Kaptembwo au Kivumbini ataufuata mlima kwa njia za panya, na hatari tuliyoifukuza langoni tutakuwa tumeipeleka kichakani.

Mgeni naye ana sehemu yake. Mwalimu anayeleta wanafunzi 60 na kukataa kuwagawa katika makundi madogo, mchungaji anayewaingiza vijana korongoni baada ya mvua ya usiku kwa kuwa basi limekwisha kulipiwa, dereva anayewaharakisha watu kileleni ili awahi safari ya pili, hao wote wanacheza na amana isiyo yao. Mzazi aliyetia saini karatasi ya safari ya shule ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa ruhusa: nani atawaongoza, ubao wa asubuhi ukisema nyekundu mtafanya nini, na watoto watahesabiwa wapi na saa ngapi. Shule isiyoweza kujibu maswali hayo na ipeleke watoto mahali pengine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kweli Nakuru imepona mara nyingi kwa sababu ya wageni: hoteli zake, madereva wake, wauza matunda wa kando ya barabara, na vijana wanaoiimba historia ya kila jiwe kwa lugha mbili au tatu. Lakini methali hiyo hudai pia upande wa pili, kwamba mwenyeji aliyepona kwa ujio wa mgeni ana deni la kumrudisha kwao mzima. Deni hilo halilipwi kwa hotuba za rambirambi wala kwa kamati zinazoundwa baada ya mazishi na kusahauliwa kabla ya arubaini.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa KWS, wa KFS, wa GDC na wa KenGen, pamoja na Serikali ya Kaunti ya Nakuru, wakae pamoja kabla ya masika ijayo, kwa maana ni wakati wa masika ndipo korongo lilipochukua watu wa kwanza, na wakubaliane kwa maandishi, kwa kila mlima na kila korongo, juu ya cheo kimoja chenye mamlaka ya kufunga na kufungua, na vigezo vya kufanya hivyo. Kisha maandishi hayo yachapishwe magazetini na kubandikwa langoni, ili mwananchi ajue nani wa kumshukuru alipozuiwa kwa haki, na nani wa kumwuliza alipoachwa aingie palipofaa kufungwa. Bajeti ya jambo hili ni ndogo, sheria za kuliruhusu zipo, na wataalamu wake wamo miongoni mwetu. Iwapo masika itapita bila cheo hicho kutajwa, tusiseme tena kwamba tulishikwa ghafla na maji.